Pampu Inayojiwasha

Injinia kutoka Nairobi alimaliza kufunga sanduku jipya la pampu saa nne asubuhi, akajifuta mikono kwa kitambaa, akamwambia Zachariah Gathogo azime swichi kubwa kisha aiwashe tena. Zachariah akazima. Pampu ikanyamaza. Akawasha, na pampu ikabaki kimya vilevile. Watu watatu waliokuwa pale, injinia, meneja Murunga na Zachariah mwenyewe, wakasimama wakilitazama sanduku ukutani. Taa nyekundu iliwaka kwa nusu dakika, ikageuka kijani, na pampu ikaanza kunguruma bila kuguswa na mtu.

"Umeona?" Murunga akasema. "Hailali. Haiendi choo. Haiombi ruhusa ya mazishi."

Zachariah akasema ameona. Kwa miaka kumi na moja aliyoichunga pampu ile alikuwa ameomba ruhusa ya mazishi mara moja tu, mama yake alipofariki kule Nyeri, na siku ya tatu alikuwa amerudi.

Pampu ilivuta maji kutoka bwawani na kuyapandisha hadi kwenye matangi ya kiwanda cha sabuni cha Highview, upande wa Kimumu. Bila maji boila haiwashwi, na bila boila hakuna sabuni. Lakini mota ilikuwa ya zamani na ilizimika mara kwa mara: stima ikipotea, magugu yakiziba chujio, au joto likizidi. Kazi ya Zachariah ilikuwa kukaa karibu nayo. Ikizimika, hakukimbilia kitufe. Aliweka kiganja juu ya mota, akainusa, akashuka bwawani kuangalia chujio, ndipo akabonyeza. Kuna siku hakubonyeza kabisa. Alimwita Oketch, fundi wa kiwanda. Kabla ya kuingiza mikono kwenye mashine, Oketch alisema kwa sauti, "Mzee, niko ndani," na Zachariah akajibu, "Uko ndani," kisha akakaa kwenye kiti chake mbele ya kitufe mpaka Oketch aseme ametoka. Walikuwa wamefanya hivyo miaka saba.

Sasa injinia akafunga mlango wa wavu wa kichumba cha swichi kwa kufuli jipya, akampa Murunga ufunguo. "Mtu yeyote asiguse ndani kwa miezi sita," alisema. "Likiguswa, garantii imekwisha."

"Na mimi?" Zachariah akauliza.

"Wewe kesho utaripoti geti," Murunga akasema.

"Na nyumba?"

Murunga alikuwa ameshaanza kutembea. "Nyumba ni ya mtu wa pampu, Gathogo. Saa hii pampu haina mtu. Ngoja mwisho wa mwezi tuone."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, ya mawe, hatua thelathini kutoka kwenye pampu. Waceke, mke wa Zachariah, alikuwa amepanda sukumawiki na viazi kuizunguka pande zote nne, hata chini ya madirisha. Alimsikiliza mumewe huku akiendelea kupukuchua mahindi.

"Geti," alisema.

"Ndiyo, geti."

"Na mshahara wa geti ndio ule wa geti."

"Hakusema, lakini ndio huo."

Waceke alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa, akachukua lingine. "Njambi anafanya mtihani wa darasa la nane mwaka huu. Tukitolewa hapa katikati ya mwaka atasomea wapi?"

"Amesema tungoje mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi ni wiki mbili, Baba Njambi. Ungemwambia."

"Ningemwambia nini? Sanduku limewasha pampu mbele yangu."

*

Alipewa koti la soja wa geti aliyestaafu, lililomfikia kwenye vifundo vya miguu, na rungu. Kazi ya geti haikuwa nzito. Alifungua geti gari la Murunga lilipopiga honi asubuhi, akalifunga, akalifungua tena saa saba. Malori ya mafuta ya kutengenezea sabuni aliyaandika nambari. Jambo lililomsumbua lilikuwa saa kumi na moja jioni, wanawake wa chumba cha kupakia walipotoka kwa mstari na yeye kutakiwa kuingiza mkono katika kila kikapu kuona kama kuna sabuni.

Seline, mke wa Oketch, alikuwa mmoja wao. Siku ya kwanza Zachariah alimpungia apite. Karani aliyekuwa akichungulia dirishani akapiga kelele kwamba hakuna mtu wa kupita hivihivi. Seline akarudi hatua mbili, akafungua kikapu mwenyewe. Ndani kulikuwa na kitambaa cha kichwa, chupa tupu ya uji na kiatu kimoja cha mtoto kilichokatika.

"Tafuta tu, Mzee," alisema. "Ni kazi."

Zachariah akagusa ukingo wa kikapu, akasema asante.

Kutoka getini angeweza kuisikia pampu. Hakuwa akijaribu kuisikiliza, lakini masikio yalikuwa yamezoea. Wiki ya kwanza ilizimika na kujiwasha mara mbili au tatu kwa siku, na matangi yakawa yamejaa daima. Murunga aliwaleta wageni kutoka mjini kuangalia. Wiki ya pili Zachariah alianza kusikia kitu kingine. Pampu ilizimika, ikatulia, ikajiwasha, ikapiga kelele ya kukwaruza kwa dakika chache, ikazimika tena. Alhamisi moja alihesabu mara kumi na nne kabla ya saa sita. Matangi yalikuwa bado yamejaa, kwa hiyo hakuna mwingine aliyejua.

Alimwomba dereva wa lori amshikie geti, akaenda ofisini.

"Bwana, ile pampu inakufa sana," alisema akiwa mlangoni. "Nafikiri chujio limeziba. Inavuta kwa shida, inachoka, inazimika, na sanduku linailazimisha tena."

Murunga hakuinua macho. "Maji yako kwa tangi?"

"Yako, Bwana."

"Basi inafanya kazi yake. Geti nani ameshika?"

"Dereva wa lori."

Karani akacheka kidogo juu ya taipureta. Murunga sasa alimtazama Zachariah, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Gathogo, najua ni vigumu. Lakini usionee sanduku wivu."

Zachariah akarudi getini. Jioni, Oketch alipokuwa akitoka, alimwambia yaliyosemwa. Oketch alikuwa mtu mrefu, mpole, wa kutoka upande wa Ahero, na mikono yake ilikuwa na grisi hata siku ya ibada.

"Si wivu," Oketch alisema. "Nimepita huko leo. Zile raba zinashikanisha mota na pampu zimeisha. Kuwaka-kuzima kumezimaliza. Moja imebaki kama utambi. Zikikatika zote, mota itakimbia peke yake na hakuna maji."

"Zibadilishe basi."

"Nitazibadilisha. Nataka tu wanifungulie nizime."

*

Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Stima ilipotea mjini karibu saa tano asubuhi na kiwanda kizima kikanyamaza. Murunga alikuwa na mkutano wa chama mjini. Alikuwa amevaa suti na beji kwenye ukosi wa koti, na gari lake lilifika getini likinguruma. Zachariah alikuwa amelivuta geti nusu wakati Oketch alipokuja mbio kutoka ndani, raba mpya mkononi, akashika dirisha la gari.

"Bwana Meneja, naomba ufunguo wa pampu. Nataka kuzima nibadilishe raba."

"Stima si imeenda?"

"Imeenda, Bwana, lakini inaweza kurudi."

"Sasa unataka kuzima kitu kimezimika?" Murunga akaangalia saa. "Ingia ukaze hizo raba haraka kabla stima irudi. Ni kazi ya dakika ngapi?"

"Kumi na tano. Lakini naomba ufunguo tu, Bwana."

"Ufunguo uko kwa droo yangu na ofisi nimefunga. Na injinia alisema nini? Hakuna kugusa. Nikirudi nipate hiyo pampu haijatengenezwa, boila ikose maji, utaniambia ulikuwa fundi wa nini." Akapandisha kioo. "Gathogo, fungua."

Zachariah akafungua. Gari likapita. Oketch akasimama kidogo akiangalia raba mkononi mwake, kisha akamwangalia Zachariah.

"Ngoja arudi," Zachariah akasema.

"Atarudi saa kumi. Na raba zikikatika kabla ya hapo ni mimi." Oketch akatingisha kichwa. "Dakika kumi na tano ni nyingi. Nitafanya kwa kumi."

Zachariah alimtazama akishuka kuelekea bwawani. Baadaye, kila aliposimulia, hapo ndipo aliposita kwanza, kwa sababu alijua angeweza kusema neno lingine, na hakulisema. Alifunga geti.

Dakika saba au nane zilipita. Balbu ya kibanda cha geti ikawaka. Zachariah aliitazama balbu, akaelewa, akaanza kukimbia na lile koti refu likimpiga miguuni. Alikuwa katikati ya njia aliposikia mota ikianza, kisha ikaguna kama gari lililokwama matopeni, kisha ikazimika. Hakusikia mtu akipiga kelele.

Oketch alikuwa amepiga magoti kando ya mashine. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshikwa kati ya mota na pampu mpaka kwenye kifundo, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Mzee," alisema polepole, "iko na taa gani?"

Zachariah akaangalia kupitia wavu. Taa ilikuwa nyekundu. Sanduku lilikuwa likihesabu nusu dakika yake.

Alipiga kufuli kwa rungu. Mara ya kwanza rungu liliteleza. Mara ya pili kufuli lilipinda. Mara ya tatu alilipiga kwa mikono yote miwili, kikalegea chuma kilichoshika mlango, akauvuta wavu akiwa ameegemeza mguu ukutani, akaingia na kuiangusha swichi kubwa chini. Taa nyekundu ikazimika. Akarudi kwa Oketch, akaizungusha mota kwa mkono kinyumenyume, kidogokidogo, mpaka mkono ukatoka. Vidole vinne havikutoka nao.

*

Hospitali walimshona, wakamlaza. Seline alikaa naye siku tatu za kwanza. Siku ya nne alipokwenda kazini aliambiwa nafasi yake imeshikwa.

Jumatano Murunga alimwita Zachariah ofisini, akamwambia aketi. Katika miaka kumi na moja Zachariah hakuwa amewahi kuketi katika ofisi ile. Karani akaleta chai, akaiweka mbele yake katika kikombe chenye kisahani, na Murunga mwenyewe akamsogezea sukari.

"Ulifanya kazi nzuri siku ile," Murunga alisema. "Nimewaambia wenye kampuni."

"Asante, Bwana."

"Sasa, watu wa leba, wale wa ofisi ya kazi, wameandika barua. Wanataka kujua mambo yalikwendaje. Wewe ndiye ulikuwa karibu." Akachukua karatasi iliyopigwa taipu. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini aliisoma kwa Kiswahili, bila haraka, na hakuruka chochote. Karatasi ilisema kwamba fundi Oketch alipewa ufunguo wa swichi asubuhi ya siku ile. Ilisema alionywa azime kabla ya kugusa mashine, na kwamba alikataa kwa ukaidi wake mwenyewe, mbele ya soja wa geti, Zachariah Gathogo.

Chai ilikuwa ya maziwa mengi. Zachariah aliishika bila kunywa.

"Hivyo sivyo ilivyokuwa, Bwana."

"Najua unavyofikiri ilikuwa." Murunga akainama mbele. Alikuwa na mifuko chini ya macho. Huenda naye hakuwa amelala vizuri. "Mimi nina watu juu yangu. Wakisema meneja alimkataza fundi kuzima stima, ni mimi naenda. Oketch tutamsaidia kivyetu, pole pole. Na wewe, injinia amesema sanduku linahitaji mtu wa kulichunga. Nimekurudisha pampu. Nyumba ni yako. Mshahara ule wa zamani."

Picha ya Rais ilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, na chini yake kalenda ya 1987 ya duka la mbegu. Zachariah aliitazama kalenda. Mwisho wa mwezi ulikuwa Ijumaa.

Akatia sahihi mara mbili, moja kwa karatasi na moja kwa nakala ya kaboni. Murunga akampa nakala, akampa mkono. Chai aliiacha imejaa.

*

Alimwambia Waceke kwamba amerudishwa pampu na nyumba imebaki. Waceke akamshukuru Mungu kwa sauti, akachinja kuku, na Zachariah akala. Siku mbili baadaye alikuwa nje akinoa jembe aliposikia sauti ya Njambi ndani.

"Hii ni ya baba? Ilikuwa kwa mfuko wa koti. Nilitaka kulifua."

"Imeandikwa nini?" Waceke akauliza.

Njambi alianza kusoma Kiingereza, akasimama kila mstari kuugeuza. Alikuwa mwanafunzi mzuri na alitafsiri kwa makini, kama mbele ya mwalimu. Alipofika kwenye neno la ukaidi hakulijua kwa Kiswahili, akasema, "Yaani alikuwa na kichwa ngumu." Kisha akafika kwenye sahihi, akasoma jina la baba yake. Nje, Zachariah alikuwa ameacha kunoa jembe.

Waceke alitoka, akasimama mlangoni na karatasi.

"Alipewa ufunguo?"

"Hapana."

"Kwa hivyo huu ni uongo, na jina lako liko chini."

"Ndiyo."

Alingoja amkemee. Waceke aliikunja karatasi mara nne, akaketi kwenye ngazi. "Mimi nimekula huyo kuku," alisema. "Nimempa na mtoto. Ungeniambia kwanza, Baba Njambi, nijue ninakula nini."

"Ungesema nini?"

"Sijui. Hiyo ndiyo mbaya. Pengine ningekuambia utie sahihi."

Jumapili baada ya kanisa Seline alikuja. Alikuwa amevaa vizuri, na alileta ndizi tano zilizofungwa kwa gazeti. Waceke alimkaribisha ndani, akamwekea chai bila kumtazama usoni.

"Mama Okello, unaendeleaje? Na Baba Okello?"

"Ametoka hospitali. Analala tu, anatazama ukuta. Jana nimemlisha ugali kwa mkono wangu, akalia." Seline alimgeukia Zachariah. "Mzee, amenituma kusema asante. Daktari amesema hiyo taa ingegeuka kijani, mkono wote ungeenda, pengine na yeye mwenyewe. Alisema, mwambie Mzee sijapata nguvu ya kuja."

Zachariah akasema si kitu.

"Na ametuma ombi. Jumanne tumeitwa ofisi ya leba. Kampuni inasema ni makosa yake. Sheria inasema ikiwa ni ukaidi wake hakuna fidia, hata ndururu. Wanasema kuna shahidi, lakini hawajatuambia nani." Alivuta ukingo wa kitambaa chake. "Oketch anasema hana wasiwasi. Anasema, shahidi aliyekuwa pale ni Mzee peke yake."

Waceke aliinuka, akaenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa. Aliporudi, Seline alikuwa akiaga.

"Utakuja, Mzee?"

"Nitakuja," Zachariah akasema. Na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu Murunga pia alikuwa amemwambia aje.

Jumatatu jioni Waceke alipiga pasi shati la kanisa, akalitundika. Kisha akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, na Zachariah akamkuta akichimba viazi ambavyo vilikuwa vimebakiza mwezi mmoja kukomaa. Vilikuwa vidogo kama mayai ya kwale. Aliviweka kwenye gunia kimoja kimoja.

"Mbona unachimba sasa?"

"Ili nisiviachie mtu," Waceke alisema bila kuinua kichwa. "Nenda useme unachojua. Mimi nimechoka kumwogopa Seline nikiwa nyumbani kwangu."

*

Ofisi ya leba ilikuwa na benchi moja refu, na wote walikaa juu yake: Murunga mwisho huku, Oketch na Seline mwisho kule, Zachariah katikati. Mkono wa Oketch ulikuwa umefungwa bandeji nyeupe kama boksi. Alimtabasamia Zachariah, na Zachariah akaitazama sakafu.

Afisa aliitwa Kiprotich, mtu wa makamo mwenye mafua, aliyesoma kila karatasi mara mbili. Alimwita Zachariah mezani.

"Hii sahihi ni yako?"

"Sahihi ni yangu."

"Na haya maneno?"

Zachariah alikuwa amejiandalia mambo mengi njiani, lakini yalipotea. "Maneno si yangu," alisema.

Nyuma yake benchi likalia. Murunga alikuwa amesimama. "Afisa, huyu mzee tumemsaidia sana. Tangu ajali amechanganyikiwa kidogo."

"Keti, Bwana Meneja. Utasema zamu yako." Kiprotich akapenga kamasi, akakunja leso. "Mzee, nikuelewe. Uliweka sahihi kwa kitu unajua ni uongo?"

"Ndiyo."

"Karatasi ya serikali?"

"Ndiyo."

"Unajua naweza kukushtaki?"

Zachariah hakujua. Alifikiria Njambi na mtihani wake. "Nimejua sasa," alisema.

"Kwa nini uliweka?"

"Nilirudishiwa nyumba."

Seline alitoa sauti ndogo. Oketch hakutabasamu tena. Alikuwa akimtazama Zachariah kama anayemtazama mtu aliye mbali, akijaribu kujua kama ni yule anayemfikiria.

"Basi niambie ilikuwaje," Kiprotich akasema, akavuta karatasi tupu.

Zachariah akasimulia. Alisimulia geti, dirisha la gari, ufunguo ndani ya droo. Alisimulia kwamba alimwambia Oketch angoje na hakumwambia mara ya pili. Kiprotich aliandika kwa mkono, polepole, akimsimamisha mara kwa mara. Murunga alipopewa zamu yake alisema yote ni uongo, ufunguo ulitolewa asubuhi, na hata karani atathibitisha.

Kiprotich akamgeukia Zachariah. Kwa mara ya kwanza Zachariah alijibu bila kuulizwa.

"Kama alikuwa na ufunguo," alisema, "mimi nilivunja kufuli ya nini?"

Kiprotich aliandika hilo pia, akapiga mstari chini yake.

Nje, kwenye ngazi, Oketch alimpita bila neno. Seline alisimama mbele ya Zachariah. "Nilileta ndizi," alisema. "Nilikaa kwa kiti chako." Akamfuata mumewe.

*

Barua ya kufukuzwa ilikuja Alhamisi. Haikusema lolote kuhusu leba. Ilisema Zachariah Gathogo ameachishwa kazi kwa kuharibu mali ya kampuni, yaani kufuli moja na mlango wa wavu, na kwamba bei yake itakatwa katika mshahara wa mwisho. Nyumba iachwe wazi kufikia Jumamosi. Njambi aliisoma, akaitafsiri, na Waceke akamwambia akavute masanduku kutoka chini ya kitanda.

Murunga hakufukuzwa. Oketch alikuja kulipwa fidia, lakini baada ya miezi mitano, na ilikuwa ya vidole vinne kwa kipimo cha kitabu, si kwa kipimo cha fundi. Ilitosha cherehani kwa Seline na karo ya mwaka mmoja. Zachariah hakushtakiwa. Kiprotich huenda alisahau, au alikuwa na mafaili mengi.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Jumamosi ile jamaa mmoja wa kanisani alileta trekta na trela kuwapeleka Yamumbi, ambako Waceke alikuwa amepata chumba kimoja nyuma ya duka. Walipakia tangu asubuhi. Kabati lilikuwa zito, na walipolifikisha juu dereva akasema lisipofungwa vizuri litaanguka kwenye matuta ya njia.

Zachariah alikuwa akitafuta ncha ya kamba aliposikia hatua. Oketch alikuwa amekuja peke yake. Bandeji ilikuwa ndogo sasa, na chini yake mkono ulionekana mfupi kama wa mtoto. Alimsalimia Waceke, akamuuliza Njambi kama amepata shule. Njambi akasema mwalimu mkuu wa Yamumbi amekubali. Zachariah hakusalimiwa, wala hakusalimia.

Oketch akazunguka trela, akaangalia mzigo kwa jicho la fundi. Akaichukua kamba kutoka mkononi mwa Zachariah.

"Sijasahau ulitia sahihi," alisema.

"Najua."

"Seline hataki kusikia jina lako."

"Najua, Oketch."

Oketch akaipitisha kamba chini ya chuma cha trela kwa mkono wa kushoto, akaikandamiza kwa kile kipande cha mkono wa kulia, akashika ncha kwa meno. Kamba iliteleza. Akaanza upya. Iliteleza tena, na damu kidogo ikatokea kwenye bandeji. Dereva akapiga honi. Njambi akanyoosha mkono kusaidia, na Waceke akamshika bega.

Zachariah aliitia mikono yake katika mifuko ya suruali, akaiacha humo. Jasho lilikuwa likimtoka Oketch kwenye paji la uso, na pumzi yake ilisikika puani. Mara ya nne fundo lilikubali. Akalikaza kwa kurudi nyuma na uzito wa mwili wote, akaachilia meno, akatema uzi wa katani.

"Vuta uone," akasema.

Zachariah akatoa mikono, akaishika kamba, akavuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa imeshika.